Maji ya Pipa

Mama Mafuru alipofariki, watoto wake walinipigia simu wakitaka nisome wasifu wa marehemu. Walisema mimi ndiye niliyefanya naye kazi mwanzoni kabisa, kabla wao hawajaota meno, na kwamba mpaka anaugua alikuwa bado ananitaja. Nilikwenda Kitaji msibani. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nikala wali na nyama kama wengine, na mwongoza ratiba aliponikaribia na kipaza sauti nikamtikisia kichwa. Akadhani nimezidiwa na uchungu. Mwanamke aliyekaa kando yangu akanishika bega, akanipa leso. Niliipokea, sikuitumia. Sikuwa na chozi hata moja la kumpa yule mama, na kama ningesimama pale ningesema ya kweli mbele ya wajukuu wake, ambao hawana kosa. Kwa hiyo nayaandika hapa, na anayetaka kukasirika akasirike.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja nilipoingia karakana yake ya Nyakato, hapo Musoma. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili isiyopigwa plasta, na nyuma yake ua uliozungushiwa mabati, ambako kazi ilifanyika. Chumba cha mbele kilikuwa cha kuonyeshea bidhaa. Cha nyuma ndicho nilicholala mimi, pamoja na makopo ya vanishi, magunia ya maranda na jiko la mkaa. Ukuta uliotenganisha vyumba hivyo haukufika juu, ulikomea kimo cha mtu, kwa hiyo kila kilichosemwa mbele nilikisikia kama nimeambiwa mimi. Mama Mafuru alilijua hilo. Nadhani mara nyingine alisema mambo makusudi niyasikie. "Huyu Nyangeta ana mikono mizuri," alimwambia mteja siku moja, nikatabasamu peke yangu nyuma ya ukuta, "ila uso wake unafukuza watu, ndiyo maana namfichaga huko nyuma."

Tulikuwa tunatengeneza mapambo na samani kwa mapipa ya pombe. Siyo mapipa ya bati. Haya yalikuwa ya mbao ya mwaloni, makubwa, yamebanwa kwa pete za chuma, ndani yamechomwa moto mpaka yakawa meusi kama kitako cha sufuria. Yalihifadhi wiski Marekani kwa miaka, kisha kiwanda kimoja cha pombe kali cha huku kwetu kikayanunua, kikayatumia mpaka kikayachoka, na Mama Mafuru akayapata kwa maneno yake matamu, kama alivyopata kila kitu. Vifuniko tulivigeuza saa za ukutani na trei. Mbavu, zile mbao za ubavuni zilizopinda, tulizifanya vinara vya mishumaa na viti. Pete zikawa taa za kuning'inia. Watu wa Musoma tulipowaambia ni mbao ya mwaloni walicheka, maana kwetu mwaloni ni pale ziwani samaki wanaposhushiwa. "Kwa hiyo mnauza mitumbwi iliyooza?" aliuliza bwana mmoja. Mama Mafuru hakucheka naye. "Wewe baba endelea na makochi yako ya sponji," alimjibu, "hivi siyo vya kila mtu." Yule bwana akaondoka na stuli mbili. Leo nina karakana yangu Bunda, kando ya barabara kuu, na kila ninachojua kuhusu kumkazia mteja macho nilijifunza kwa mwanamke yule. Jambo hilo linaniudhi kuliko hata kule kunionea.

Ufundi wenyewe nilijifunza kwa mtu mwingine. Fundi Magesa alikuwa mjenga mitumbwi kutoka Majita, mzee mfupi mwenye vidole vinene, ambaye angeweza kupitisha kiganja juu ya ubao akakwambia utapasuka wapi. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Zamani alikuwa mlevi wa kulala mitaroni, na mwenyewe hakulificha hilo. Aliniambia wiki yangu ya kwanza, tukiwa tunapiga msasa, kama mtu anayeeleza alikozaliwa. "Nilikuwaga naanguka na watoto wananiona. Miaka kumi na minne sasa sijaonja." Mchana tulikula pamoja uani, ugali wa muhogo na dagaa, au sato kama Mama Mafuru amefurahi, na Fundi ndiye aliyeombea chakula. Aliomba kwa ufupi na alimtaja kila aliyekaa pale kwa jina lake. Sikuwahi kuombewa kwa jina kabla ya hapo.

Sasa naja kwenye kosa langu. Yale mapipa yalipokaa juani yalikauka, mbavu zikaachana, pete zikalegea, na pipa la namna hiyo ukilikata nusu ulifanye meza linasambaratika. Fundi aliniambia niyajaze maji yavimbe, kama afanyavyo kwa mtumbwi mpya. Maji baridi yalivuja yote. Nikaona nichemshe. Nilichemsha masufuria mawili, nikamimina kwenye tundu la ubavuni, nikaziba kwa kipande cha mti, nikaliviringisha pipa mpaka penye jua kali. Kesho yake mchana nilipozibua, maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na harufu yake ilinipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Ile mbao ilikuwa imekunywa wiski miaka yote hiyo, na maji ya moto yameitoa. Nikachovya kidole, nikalamba. Nilikuwa mtoto wa watu wasiokunywa, nikaona ni maajabu. Nikajaza jagi na kukimbilia chumba cha mbele. "Mama, njoo uone! Pipa limezaa!"

Mama Mafuru alionja, akafumba macho, akameza. "Hii inashinda gongo," alisema. Tukacheka wote wawili, mara moja ya pekee ninayokumbuka tukicheka pamoja. Fundi Magesa hakucheka. Harufu ilipomfikia aliweka randa chini, akatoka nje ya geti bila kuaga, akasimama kando ya barabara ameupa ua mgongo, akakaa kule mpaka nilipomwaga maji yale na kumwagia udongo juu yake. Mama Mafuru alimtazama kupitia pengo la mabati. Hakumtazama kwa huruma wala kwa dharau. Alimtazama kama tulivyokuwa tunatazama ubao kabla ya msumeno, kujua fundo liko wapi na utapasukia wapi.

Mwezi uliofuata, tukiwa tunakula, Fundi alinawa mikono na kusema, "Mama, baada ya mavuno mimi narudi nyumbani. Wadogo zangu wanataka mtumbwi. Na kusema kweli nimechoka na haya mapambo."

"Mapambo?" Mama Mafuru aliuliza.

"Ndiyo. Vitu vya kutazama tu. Mtumbwi unabeba watu."

Mama Mafuru aliendelea kumchambua sato wake mpaka ukabaki mwiba mtupu. Wiki ile ile alikuwa ameahidi meza, viti na saa kwa nyumba moja ya wageni Butiama, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na hapakuwa na fundi mwingine Musoma nzima anayejua mbao ile. "Sawa, Fundi," alisema. "Mtu halazimishwi."

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, akaniita mbele. "Mpelekee Fundi chai yake." Kilikuwa kikombe cha bati, kimefunikwa kwa kisosi, na hakikutoa mvuke. Pembeni ya kiti cha Mama palikuwa na dumu ambalo jana yake halikuwapo. Nilijua kabla sijafika mlangoni. Ningeweza kujikwaa. Ningeweza kurudi nikasema, mama, hii siyo chai. Nimeshaipanga hotuba hiyo mara nyingi tangu hapo, na kila mara naisema vizuri zaidi. Lakini siku ile nilikuwa nalala karakanani kwake, nakula chakula chake, na nilimwogopa, basi nikakitua kikombe kwenye meza ya kazi ya Fundi, kando ya patasi. Akafunua. Akatazama ndani, kisha akanitazama mimi.

"Nani kakutuma?"

"Mama."

"Na wewe unajua hiki ni nini?"

"Chai," nikasema.

Alikifunika tena, akaendelea kupiga randa. Alipiga randa vizuri kabisa, maranda marefu yasiyokatika, karibu saa nzima. Nikajipa moyo. Mchana nilipokusanya vyombo nilikuta kikombe kitupu, kimeshaoshwa bombani na kufudikizwa. Mzee aliyekuwa akitumegea baraka kwa majina yetu alikuwa ameosha kikombe mwenyewe ili nisinuse.

Kuanzia hapo ikawa kila siku. Mimi ndiye niliyechemsha maji, mimi niliyezibua pipa, mimi niliyepeleka. Maneno ya baada ya mavuno yakakoma. Fundi aliacha kuombea chakula, na Mama Mafuru akawa anamwekea kipande kikubwa cha samaki, mkono wake ukikaa sahanini kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kama anayemlisha ng'ombe wake mwenyewe. Nikaanza kumchukia mama yule. Nilichukia viatu vyake mlangoni, nilichukia anavyosema "mwanangu" akiwa na shida na mimi. Nilimchukia na kikombe kikiwa mkononi mwangu.

Butiama tulikwenda watatu, na samani nyuma ya gari la mizigo. Mwenye nyumba, Mzee Kornelio, alitupokea kwa heshima, akazunguka kila meza akiigusa. Kilichobaki kilikuwa kutundika saa kubwa ya ukumbini, iliyotokana na kifuniko kizima. Fundi alipanda ngazi, na mikono yake ikaanza kutetemeka. Asubuhi ile tulikuwa tumeondoka mapema na hakupata chake. Alikosa msumari mara mbili, mara ya tatu akajigonga kidole, kifuniko kikamponyoka kikapasuka sakafuni. Mama Mafuru akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye gari. Waliporudi Fundi alikuwa ametulia, macho yanang'aa. Nilijua kwenye pochi ya Mama kulikuwa na chupa, maana niliijaza mimi.

Chakula kilikuwa ugali wa mtama na kuku wa kienyeji, meza imejaa, mke wa mwenye nyumba na binti zake wamesimama pembeni. Mzee Kornelio akasema, "Nimesikia wewe ni mzee wa kanisa. Sisi ni Wakatoliki, lakini Mungu ni mmoja. Tuombee." Fundi akasimama. Akaanza, "Baba yetu," akanyamaza. Akaanza tena. Pumzi yake ikafika mezani kabla ya maneno.

"Fundi," Mzee Kornelio alisema taratibu, "umekunywa halafu unakuja kuombea chakula cha watoto wangu?"

"Ni malaria, baba," Mama Mafuru alidakia. "Amemeza dawa kali."

"Malaria naijua, mama."

Hakuna aliyekula sana. Njiani kurudi Fundi alikaa nyuma, sehemu ya mizigo, ingawa mbele kulikuwa na nafasi. Mama Mafuru alipiga soga na dereva mpaka Musoma.

Habari zilifika Majita haraka kuliko gari. Wiki haikuisha, mke wa Fundi akaja. Anaitwa Perusi, mama mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nakoroga vanishi, nikasikia yote juu ya ukuta.

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Mchukue. Kwani nimemfunga kamba?"

"Anakunywa, mama. Alikuwa ameacha. Miaka kumi na minne. Ameanzia hapa kwako."

"Hapa ni karakana, dada yangu, siyo kilabu. Mumeo ana mdomo wake mwenyewe."

Kisha Perusi akatoka uani, nikasikia anaongea na mumewe kwa Kijita, kwa muda mrefu, na Fundi akijibu neno moja moja, na mwishowe geti likafungwa. Perusi alikuwa ameondoka peke yake. Mama Mafuru akampigia simu dada yake. Hakushusha sauti. "Akiwa mkavu, hajaonja kitu, anaondoka," alisema. "Akiwa na kikombe chake, hata nimfukuze haendi popote. Na hako kasichana kangu kanajua kuchemsha hayo maji, we acha tu." Akacheka. Niliacha kijiti kwenye kopo la vanishi, nikakaa juu ya gunia la maranda. Mpaka hapo nilikuwa nimejiambia kwamba natumwa tu.

Jumapili, Mama Mafuru akiwa kanisani, benchi la mbele kama kawaida yake, nilichukua nyundo na tindo nikaenda uani. Yalikuwa yamebaki mapipa kumi na moja. Pipa halihitaji kuvunjwa. Ukigonga pete ya juu kuipandisha, kisha ya pili, linatoa mlio kama mtu anayeshusha pumzi, halafu mbavu zote zinafunguka kwa pamoja na kulala chini zikizunguka kitako. Baada ya hapo halitashika maji tena labda umpate mtu aliyezaliwa kwenye kazi hiyo, na Musoma hayupo. Nilifungua la kwanza, la pili, la tatu. Mikono ilichubuka, sikusimama. Lile dumu la chumba cha mbele nalo nilikuwa nimelimwaga chooni. Nilipofika la tisa nikageuka, nikamkuta Fundi Magesa kasimama getini na suti yake ya kanisani, ingawa kanisani hakuwa ameenda.

Nilitegemea nini? Nilitegemea alie, anishike mkono, aseme asante binti yangu. Alitembea katikati ya zile mbao, akaokota ubavu mmoja, akaunusa upande ule mweusi. Kisha akanirushia. Ulinipiga kwenye ugoko, kovu lipo. "Mchawi wewe!" alisema. "Ulileta mwenyewe, sasa unachukua mwenyewe. Nani kakuambia mimi ni mtoto wako?" Akageuka akaenda zake, nami nilijua alikokuwa anaelekea, maana gongo Nyakato haikuwa mbali.

Mama Mafuru alinikuta nimekaa chini kati ya mbao. Alizitazama kwa utulivu, akavua kofia yake ya kanisani, akaiweka mahali pasafi, ndipo akaja kunipiga kofi.

"Nimekulisha mimi!"

"Umenilisha," nikasema, "na Fundi umemnywesha."

"Nani alimpelekea?"

Alinitupia nguo zangu nje ya geti. Kufikia jioni Nyakato nzima ilishaambiwa kwamba nimekutwa nimelewa pombe ya mapipa na kuharibu mali ya watu, na nyumba tatu nilizobisha kutafuta chumba zilinikatalia kwa maneno yale yale. Na mali yenyewe haikuharibika. Zile mbavu alizifanya vinara na rafu za kuwekea chupa, hoteli zikazigombania, na biashara ikakua mpaka Mwanza. Kwa asubuhi moja nilikuwa nimemfanyia bure kazi ya wiki mbili. Nikienda kulala nikiwa na hasira, hilo ndilo linalonicheka.

Nilikwenda Bunda, nikapata kibarua cha kulima Guta kwa mama mmoja mjane ambaye hakuniuliza nimetoka wapi. Mwaka ulipokuwa unaisha nilisikia Perusi amekuja na wadogo zake Fundi, wakambeba kama mgonjwa, wakarudi naye Majita. Nilikaa na habari hiyo wiki mbili, halafu nikapanda basi. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kusamehewa, na nilikuwa bado mdogo kiasi cha kudhani kwamba msamaha ni kitu unachokifuata kwa basi.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, amekonda, ametazama mbavu za mtumbwi ulioanzwa ukaachwa. Nikamwambia shikamoo. Hakuitika. Nikarudia. Aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaiweka tena magotini. Baadaye sana nilikuja kusikia kwamba aliumaliza mtumbwi ule, kwa miaka miwili badala ya miezi miwili, na kwamba hakuwahi kujenga mwingine.

Perusi alinikaribisha ndani. Akanipa maji ya kunawa, akaniwekea ugali wa muhogo na furu wa kuchemsha, wale samaki wadogo wenye miba mingi. Yeye hakukaa. Nilimega tonge, na kabla halijafika mdomoni akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unapeleka kikombe."

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ulikuwa unajua ni nini."

"Nilijua."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kitu akakuta ni vile vile alivyodhani. Kisha akainama, akaisogeza sahani karibu zaidi na mimi.

"Kula," alisema. "Umetoka mbali. Ukimaliza, usirudi tena kwangu."

Nilikula. Nilichambua furu mmoja mmoja, nikala mpaka ugali ukaisha, na muda wote huo Perusi alisimama mlangoni, mikono kaifungia kifuani, akinitazama nikimeza.